Fahamu: Mgeni anapokutwa na mapinduzi, pasipoti humsaidiaje?

Jeshi la Myanmar lilipotwaa madaraka tarehe 1 Februari 2021, Sean Turnell, mchumi wa Australia na mshauri wa Aung San Suu Kyi, kiongozi wa kiraia aliyepinduliwa, alikuwa jijini Yangon. Siku tano baadaye alikamatwa hotelini. Septemba 2022 yeye na Suu Kyi walihukumiwa miaka mitatu kila mmoja, katika kesi moja ya siri za serikali.

Watawala wapya humshuku mgeni kwa sababu ya watu anaofahamiana nao. Hapo pasipoti haizuii pingu, ila huleta ubalozi mlangoni. Gerezani Turnell aliletewa chakula kwenye ndoo. Ubalozi ukampelekea chakula kwenye mifuko yenye nembo ya Australia. Aliipanga mifuko hiyo kwenye nondo, yeye aione na walinzi waione: nchi yake haijamsahau.

Novemba 2022 alitoka kwa msamaha uliowagusa wafungwa karibu 6,000, akapanda ndege kurudi kwao. Suu Kyi akabaki kifungoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: rafiki mwenyeji hana ubalozi wa kumfuata.