Chura wa mpira hamnasi kambale bila harufu

MVUVI wa Kwa Mathias, Kibaha, anayekwenda Mto Ruvu na chura wa mpira ajue kuwa chambo hicho hutengenezwa kwa ajili ya bass, samaki wa Marekani anayewinda kwa macho. Bass aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Kambale wa Ruvu huwinda zaidi usiku, kwa kunusa na kwa sharubu.

Marekebisho si ghali. Mguu mmoja ufupishwe ili chura ayumbe juu ya magugu. Ncha za ndoano zipanuliwe kidogo tu, zisije zikanasa majani. Tumboni kishindiliwe kipande cha sifongo kilicholowekwa damu ya samaki. Kikijaa mno, chura huzama, na fedha imepotea. Arushe akiwa mbali na ukingo: Ruvu una mamba.