Ziba Nyufa za Ukuta Kabla Mtoto Hajazaliwa

Ukuta wa udongo ukipasuka, wengi wetu husema utakandikwa Krismasi ikikaribia. Mimi muuguzi ufa nautazama kwa jicho lingine, kwa sababu ndani yake anaweza kuishi papasi.

Papasi hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu, na kabla hujaamka amekwisha kurudi tunduni. Anaweza kukaa miaka bila kula, hivyo hata nyumba iliyohamwa muda mrefu si ya kuaminiwa. Homa ya papasi hupanda ghafla, hushuka baada ya siku chache, kisha hurudi. Mjamzito huweza kuharibikiwa mimba au kujifungua kabla ya wakati, na kichanga huweza kufa. Daktari Dutton, aliyeichunguza homa hii Kongo mwaka 1905, aliiugua mwenyewe akafia hukohuko. Kule Mvumi, Dodoma, miaka ya 1990 nyumba zilipopuliziwa dawa, watoto wa chini ya miaka mitano walioiugua walipungua.

Hapa Samunge, nyumba za miti na udongo bado tunazo. Mwaka 2011 watu walitoka mbali wakapanga foleni kwa ajili ya kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kazi ninayoisema mimi haina foleni. Inataka ndoo ya udongo na nusu siku.

Kiraka hubanduka kwa sababu tunapaka udongo mbichi juu ya vumbi kavu. Kwangua kwanza udongo uliolegea mpaka ufike penye ugumu. Ufa mwembamba upanue kwa kisu, la sivyo utaziba mdomo tu na kumwachia papasi chumba chake. Fagia vumbi, nyunyiza maji. Mfinyanzi mtupu husinyaa ukikauka na kupasuka tena, kwa hiyo uchanganye na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukande vizuri, kisha ushindilie kwa kidole gumba. Tundu lenye kina lijaze mara mbili, la chini likauke kwanza. Kesho yake utaona mstari mwembamba pembeni mwa kiraka. Wengi huishia hapo! Usugue kwa udongo mwepesi kama uji mpaka upotee. Saruji usiihangaikie; haishikani vizuri na udongo.

Wanaotumia kinyesi cha ng'ombe wasikishike wakiwa na vidonda mikononi, na wasimguse kichanga wala kitovu chake kabla ya kunawa kwa sabuni. Pepopunda hukaa humo. Mama mjamzito ahakikishe amepata chanjo yake.

Kitanda kisogezeni mbali na ukuta, na magunia yasirundikwe pembeni.

Homa ikija, msikimbilie vidonge vya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi homa ya papasi. Ombeni damu itazamwe kwa darubini, na mwelezeni mganga kwamba homa ilikwisha kisha ikarudi. Dawa zake zipo, ila mjamzito asimeze za jirani, maana si zote zinamfaa. Dozi ya kwanza itumieni mkiwa kituoni, kwa kuwa saa chache baadaye homa huweza kupanda sana na mgonjwa akatetemeka, naye anahitaji mtu wa kumwangalia.