Mtoto Anavyokua (2): Yaliyoonekana Makerere na Mulago

Vilima viwili vya tarafa ya Kawempe, Makerere na Mulago, vina nafasi kubwa katika elimu kuhusu watoto wachanga, ingawa Kampala yenyewe haivisifu kwa hilo.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alimfuata mumewe aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Hakuwa na kazi. Akaomba apewe utafiti, akapewa. Akaanza kuwatembelea akina mama 26 wa Kiganda, wenye watoto 28, katika vijiji vilivyo maili kama 15 kutoka mjini. Kila baada ya wiki mbili alipiga hodi na mkalimani wake, akaketi sebuleni kwa muda wa saa mbili hivi, akiuliza na kutazama.

Mtoto anatambaa hadi mlangoni, anageuka kumwangalia mama, anarudi kumshika goti, kisha huyo anaondoka tena. Mama akitoka, kilio. Mgeni akimbeba, hanyamazi. Mama akirudi, mikono inanyooshwa.

Ainsworth alikuja akiamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa. Akakuta watoto wanaowang'ang'ania pia baba na ndugu ambao hawakuwahi kuwalisha. Mwishowe aliwahesabu 16 kuwa wametulia katika penzi la mama, 7 wenye wasiwasi, waliolialia hata wakiwa wamepakatwa, na 5 ambao bado hawakumbagua mama na wengine. Mama aliyeweza kumsimulia mtoto wake kwa undani, tabia moja baada ya nyingine, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Haya yalitoka kitabuni mwaka 1967, na ndiyo msingi wa utafiti wake wa baadaye huko Baltimore, Marekani, unaofundishwa vyuoni duniani kote.

Mulago nako, Marcelle Geber, Mfaransa, aliwapima watoto wa Kiganda, na mwaka 1957 yeye na R. F. A. Dean wakatangaza kwamba watoto hao wamewatangulia wa Ulaya kwa maungo. Wako waliokimbilia kusema ni damu. Lakini Geber mwenyewe aliona kwamba watoto wa Kiganda waliolelewa Kizungu, wakilazwa vitandani mwao, hawakuwa na wepesi huo.

Sababu ilikuwa mkekani. Philip na Janet Kilbride, waliotafiti Buganda baadaye, walieleza jinsi mtoto anavyofunzwa kuketi: anapakatwa wima, halafu anaketishwa chini akizungushiwa nguo asianguke. Mtoto anayeketi na kutabasamu anaweza kupokea wageni, na Waganda wanalithamini hilo sana. Mwaka 1976 Charles Super alitoa ushahidi kama huo kutoka Kenya: watoto wa Kipsigis wa Kokwet, wanaofunzwa kuketi na kutembea, waliwahi yote mawili. Kutambaa, ambako hawakufunzwa, hawakuwahi.

Toleo lijalo: mtoto anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, desturi ambayo ndiyo hasa Ainsworth alitaka kuichunguza.