Miraa na kidonge cha usiku huko Kakuma

Mtu wa Pwani akitajiwa Lodwar, aghalabu kinachomjia kwanza ni habari ya Mzee Jomo Kenyatta, aliyepelekwa huko mwaka 1959 alipomaliza kifungo chake cha Lokitaung, akakaa chini ya ulinzi mpaka 1961. Wakoloni walipachagua kwa kuwa ni mbali, ni jua na ni mchanga. Leo Lodwar ni makao makuu ya kaunti ya Turkana na ina hospitali ya rufaa. Ukishika njia ya kaskazini-magharibi, baada ya kiasi cha kilomita 120 unafika Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengine.

Watu walioona waliyoyaona hao hawakosi dhiki za moyo. Kuna asiyelala, kuna asiyekula, kuna anayekaa kutwa akitazama ukuta. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na lile la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo wa kuwatibu watu wa namna hii, na katika dawa za sonona zilizotajwa humo zimo amitriptilini na fluoksetini. Ni dawa za bei nafuu na zimewafaa wengi. Ya kwanza huleta usingizi, kwa hiyo humezwa usiku. Ya pili aghalabu humezwa asubuhi.

Lakini ndugu msomaji, mwenye huzuni hangoji foleni ya zahanati. Mturkana ana wazee wake wa uaguzi, ngimurok, na mizizi ya nyikani. Msomali ana habbat soda, ana kombe, na jioni ana miraa. Jani hili latoka Meru likiwa limefungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, maana nguvu yake hupungua haraka likishachumwa, na wachuuzi hukimbizana na saa. Sisi wa Mombasa na Lamu hatuna haja ya kuelezwa barza ya miraa ni nini: ghahawa, karanga, tonge la bigijii mdomoni, na handasi ikishapanda kila mtu ni tajiri. Ugomvi wa masheikh juu ya uhalali wake tuuache leo. Linalotuhusu hapa ni kwamba wako wanaolila jani hili kama dawa ya moyo uliozama, na jambo hilo si la ajabu, kwa sababu ndani yake mna kathinoni, kitu kilichotambuliwa mwaka 1975, ambacho ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Ni dawa hasa, ila haina karatasi ya maelezo.

Basi chukua mtu mmoja wa kubuni tu, tumwite Abdi. Amepewa amitriptilini ameze saa tatu usiku. Barza yaanza saa kumi na moja jioni. Afikapo kitandani, jani lamwambia kesha na kidonge chamwambia lala. Halali. Kesho yake aongeza kidonge cha pili, kisha cha tatu, naye anadhani dawa ya hospitali ni dhaifu. Kumbe amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na miraa nayo huuendesha moyo mbio na kupandisha damu. Zote mbili hukausha mdomo, hufunga choo, na humfanya mwanamume ahangaike kutoa mkojo. Tena amitriptilini hupunguza jasho, na mahali kama Turkana mwili usiotoa jasho uko hatarini.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Katika ini mna vimeng'enya, ambavyo ni kama wafagizi wa kuondoa dawa mwilini ikishafanya kazi. Mwaka 2015 wataalamu wa Ethiopia na Sweden walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watu wenye afya, wakaona kwamba miraa humzuia mmoja wa wafagizi hao. Naye ndiye anayehusika pia na kuondoa amitriptilini. Mfagizi akizuiwa, kidonge cha jana hukutana na cha leo, na mtu akawa amezidisha kipimo bila ya kuzidisha kitu.

Mizigo ya jamaa walio ng'ambo ina hatari yake. Huko Ulaya na Marekani huuzwa jani ambalo Wazungu wamelipa jina la Mtakatifu Yohana, Hypericum perforatum, nalo hutumiwa kuondoa huzuni. Likichanganywa na fluoksetini, kemikali ya ubongo iitwayo serotonini yaweza kufurika: mtu hutetemeka, hutoka jasho, hupata homa, huharisha, misuli hukaza na akili huchanganyika. Hebu fikiri, homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa, tena Turkana! Nani asiyesema ni malaria? Mgonjwa hupewa dawa ya mbu, na jani liko mfukoni mwake.

Kwa nini basi hasemi? Anaogopa kukemewa. Mara nyingine maneno yake hupita kwa mkalimani ambaye ni jirani, na mwanamke anayekula miraa kwa siri hawezi kuitaja mbele ya jirani. Kwa maoni yangu lawama hapa si ya mgonjwa peke yake. Mganga akiuliza kwa upole, "Mama, na nyumbani unatumia nini?", atajibiwa.

Dua haigombani na kidonge, wala ile zafarani kidogo ya kuandikia kombe. Habbat soda ya kunyunyiza mkateni si neno. Mafuta yake ya vijiko kila siku yafaa yatajwe kwa daktari. Na asiache mtu dawa ghafla kwa kuwa amesoma gazeti, maana kuacha hivyo kwaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na huzuni ikarudi.

Fluoksetini ina tabia yake: hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Aliyeiacha Kakuma na kupanda basi kuja kwa shangazi yake Mombasa, akafika na kupewa lile jani la Yohana, bado anayo damuni.