Mtoto Asiyelia: Tujifunze kwa Simba na Mufasa

Leo tutazungumzia afya ya akili, na ili tuelewane nakuomba ukumbuke filamu moja ambayo huenda watoto wako wameitazama hadi wewe ukachoka. Ni The Lion King, ile katuni ya mwaka wa 1994. Sisi hatukuhitaji mkalimani wa majina yake. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na yule ngiri aitwaye Pumbaa, jina lake linamfaa kabisa.

Ndani ya filamu hiyo kuna swali ambalo wataalamu wa malezi wamelichunguza kwa miaka mingi. Mtoto akiogopa, humkimbilia nani? Na akimfikia, hupata nini?

Majibu anayopata, siku baada ya siku, ndiyo hujenga kile tutakachokiita mfungamano, yaani uhusiano wa ndani kati ya mtoto na anayemlea. Daktari Mwingereza, John Bowlby, aliandika mwaka wa 1951 katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani kwamba pendo la mama lina umuhimu kwa akili ya mtoto kama vitamini zilivyo na umuhimu kwa mwili wake. Mwenzake, Mary Ainsworth, alianza uchunguzi wake hapa kwa jirani zetu, Uganda, mnamo 1954 na 1955. Alikuwa akiwatembelea akina mama 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliwatazama watoto wakitambaa kwenda kuchungulia vitu, kisha wakigeuka nyuma kuhakikisha kwamba mama yupo. Mama akiwepo, mtoto huthubutu.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth aliwapima watoto wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Alichokitazama zaidi ni jinsi mtoto alivyompokea mama aliporudi, si kama alilia mama alipotoka. Wengi walilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Hawa ndio wenye mfungamano imara.

Sasa turudi kwa Simba. Unakumbuka alivyoenda na Nala kwenye makaburi ya ndovu baada ya kukatazwa? Fisi karibu wawale. Mufasa akaja, akawafukuza fisi, kisha akamwambia Nala aende nyumbani na yule ndege Zazu. Akabaki na mwanawe. Alimkemea, tena kwa ukali. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe aliogopa siku hiyo, aliogopa kumpoteza. Punde si punde baba na mwana wanabingirishana nyasini.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtaalamu wa malezi atawaambia wasikemee kamwe. Mufasa alikemea. Kilichomsaidia Simba ni kwamba baada ya makosa, baba alikuwa bado ni baba.

Halafu likaja lile korongo na nyumbu wakitimua mbio. Mufasa akafa. Simba akajiingiza chini ya mkono wa baba yake aliyelala, akimwomba aamke. Akatokea Scar, baba yake mdogo, na mtoto akamwendea ili apate faraja. Badala ya faraja, Scar akamwambia kwamba ni yeye aliyesababisha kifo hicho, akamfukuza aende asirudi tena. Hebu fikiria jambo hilo kwa makini. Yule unayemkimbilia ndiye anayekutisha. Katika miaka ya 1980 watafiti walianza kuwaeleza watoto wanaoishi hivyo kila siku, kwa mlezi anayepiga kupita kiasi au anayewadhulumu kwa namna nyingine. Mtoto wa namna hiyo humwendea mlezi, kisha akasimama ghafla katikati ya njia, au humwendea huku ameangalia pembeni. Hana mpango wowote wa kujiokoa, kwa maana kila njia ina hatari.

Simba akakimbilia jangwani, akaokolewa na Timon na Pumbaa, nao wakamfundisha ule wimbo wa hakuna matata. Maneno yenyewe ni yetu, na kila mgeni anayeteremka Mombasa huyajua. Watu hucheka sana hapo. Mimi naona hapo ndipo penye huzuni kubwa kuliko pote.

Timon na Pumbaa ni marafiki wema. Walimpa chakula, mahali pa kulala na kicheko. Lakini sheria ya nyumba yao ilikuwa kwamba yaliyopita hayatajwi. Kumbuka usiku ule wanapotazama nyota. Simba anasema kwamba aliwahi kuambiwa kuwa wafalme wa zamani wako juu wakiwatazama. Wenzake wanaangua kicheko. Naye anacheka pamoja nao, kisha anainuka na kwenda zake peke yake.

Yule anayecheka pamoja na wenzake kisha akaenda zake yuko katika nyumba nyingi. Katika chumba cha Ainsworth, kulikuwa na watoto ambao mama alipotoka hawakulia, na aliporudi hawakumtazama. Waliendelea na vitu vyao vya kuchezea. Ungesema, mtoto huyu hana shida! Lakini watafiti waliokuja baadaye walipopima mapigo ya moyo ya watoto kama hao, waligundua kwamba moyo ulikuwa unakwenda mbio. Hofu ilikuwepo. Mtoto alikuwa amejifunza tu kwamba akiionyesha hatasaidika.

Sisemi kwamba Simba alizaliwa hivyo. Mfungamano wake ulikuwa imara, ila msiba na lawama vilimfunga mdomo. Msiba unaweza kufanya hivyo kwa mtoto yeyote. Mazishi yakiisha, jamaa husema, "Huyu ni jasiri, hata hakulia." Anapelekwa kwa shangazi au shule ya bweni, jina la marehemu halitajwi tena, na kila mtu anapumua kwa sababu mtoto ametulia.

Kuna kundi lingine, la wale wasiotulia. Mama akirudi, mtoto humrukia, kisha humpiga ngumi na kulia zaidi. Huo si utundu. Amezoea kuitikiwa leo na kupuuzwa kesho, kwa hiyo hapunguzi sauti. Mwaka wa 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver, watafiti wa Marekani, walieleza kwamba mitindo hii huonekana pia katika mapenzi ya watu wazima. Utamwona mume anayepiga simu mara kumi mke akichelewa sokoni, na mke anayejibu "niko sawa" hata siku ambayo hayuko sawa. Mara nyingi hawa wawili huoana, nao huchoshana.

Je, mtu aweza kubadilika? Ndiyo. Katika filamu ya mwaka wa 2024 iitwayo Mufasa, tunaona kwamba Mufasa mwenyewe alisombwa na mafuriko akiwa mdogo, akapotezana na wazazi wake. Eshe akamlea kama wake, ingawa Obasi, mumewe, hakumtaka yule mgeni. Yule baba mpole wa filamu ya kwanza alikuwa mtoto wa kulelewa. Nyanya, mjomba, mama wa kambo au mwalimu anaweza kuwa Eshe kwa mtoto, mradi asiwe wa leo yupo, kesho hayupo.

Na kwa yule mtoto asiyelia, usimlazimishe. Simba hakufunguka kwa kulazimishwa na Nala, waligombana. Alianza kufunguka Rafiki alipomtajia baba yake na kumwonyesha kwamba bado yumo ndani yake. Basi fanya kazi naye, mkichagua mchele au mkifua nguo, kisha mtaje marehemu kwa jina, alivyopenda kucheka, alivyopika. Halafu nyamaza. Akisema kitu, usicheke, wala usimwambie "wacha hayo." Asiposema, rudia wiki ijayo. Mwambie waziwazi kwamba kifo hicho hakikuwa kosa lake, kwa kuwa watoto wengi hudhani hivyo na hawasemi. Akiwa halali, hali, au ameacha kucheza na wenzake kwa majuma kadhaa, mpeleke kituo cha afya na uulize mshauri nasaha.

Na ukijua mtoto ambaye mtu wa kumlinda ndiye anayemtisha, piga simu kwa Childline Kenya, nambari 116. Haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.