Pikipiki Zipatazo Moto Mabatini

Apandaye Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana katika jiji la Mwanza, akitokea Barabara ya Nyerere na kuuacha Mto Mirongo chini yake, huona nyumba zilizopandana juu ya majabali, na baina ya nyumba hizo vijia ambavyo gari halithubutu kuvikabili, bali bodaboda huvipanda kutwa kucha, ikichukua mgonjwa, gunia la mkaa, mtungi wa gesi, na mara nyingi abiria wawili nyuma ya dereva mmoja, mtindo wa mishikaki ambao sheria imeukataza na mlima huuadhibu kabla askari hajafika. Katika vijia hivyo ndimo lizaliwamo lalamiko la kila kijiwe: pikipiki inapata moto, nguvu zinaisha katikati ya mlima, oili inanuka kuungua, na fundi amekwisha kukata shauri kwamba injini ifunguliwe. Dai langu ni kwamba aghalabu injini hiyo haistahili kufunguliwa, kwa kuwa sababu ya moto wake iko nje, mahali ambapo jicho na mkono huweza kuifikia kwa gharama ndogo.

Pikipiki za biashara zilizozoeleka hapa, mathalan Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS, zote mbili za viwanda vya India, hazina rejeta wala maji. Petroli iwakapo ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu halisi huyeyuka katika nyuzi 660, na michanganyiko ya madini ifanyiwayo pistoni huanza kulegea mapema zaidi. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba mwako ni wa kufumba na kufumbua, na joto lake halipewi makazi: hutoka kwenye pistoni kwa njia ya ringi, likaingia katika ukuta wa silinda, likaenea katika mapezi yale membamba yaliyoizunguka injini, likachukuliwa na upepo, sehemu nyingine huchukuliwa na oili, na nyingine kubwa hutoka kwa ekzosi. Katika nguvu zote zilizomo ndani ya petroli, robo hivi hadi theluthi ndiyo izungushayo gurudumu, na iliyosalia ni joto tupu. Wala mtu asidhani kwamba kupozwa kwa hewa ni udhaifu wa vyombo vya bei nafuu. Chombo cha magurudumu mawili alichokiunda Gottlieb Daimler mwaka 1885 kilipozwa kwa hewa, na Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 kwa injini ya namna hiyo hiyo, ilifikisha idadi ya milioni 100 zilizotengenezwa mwaka 2017.

Basi joto la injini ni hesabu ya mapato na matumizi: ama chombo kinazalisha joto kupita kiasi, ama kinashindwa kulitoa, na mara nyingine yote mawili kwa pamoja. Walakini kabla ya kuingia katika hesabu hiyo sharti mtu ayakinishe kwamba ugonjwa upo. Mapezi yanayotokosa tone la maji si dalili ya maradhi, kwani injini ya hewa iliyo na afya hupita nyuzi 100 kila siku ya kazi. Dalili za kweli ni nyingine: mlio wa kugonga kama kokoto wakati resi imefunguliwa, nguvu zinazopungua kadiri safari inavyoendelea na kurudi chombo kikipoa, na injini inayoendelea kujizungusha hata baada ya kuzimwa swichi.

Mlima wenyewe ni mshitakiwa wa kwanza. Katika barabara ya lami kwenda Igoma pikipiki huupata upepo kwa mwendo wake. Katika vijia vya Mabatini hupanda kwa gia ya kwanza, resi imefunguliwa, mwendo ukiwa ni wa mtu atembeaye, kiasi kwamba kazi ni kubwa kabisa na upepo ni mchache kabisa kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa yapata sehemu moja ya kumi, hivyo huchukua joto pungufu kuliko ile ya pwani. (Wako wasemao kijiweni kwamba wepesi huo wa hewa huipunguzia injini petroli, nao wameigeuza kanuni juu chini, maana katika kabureta hewa ikipungua petroli ndiyo huzidi.) Kisha huja masika, na tope la vijia hivyo hujaza nafasi baina ya mapezi, likakauka, na baada yake dereva akafunga kipande cha plastiki mbele ya injini apate kukinga miguu yake. Tope liondolewe kwa brashi na maji, injini ikiwa baridi. Plastiki ifunguliwe mvua iishapo. Rangi nzito ya mng'aro juu ya mapezi ni pambo linalolizuia joto kutoka.

Sababu niichukiayo kuliko zote ni ile ifanywayo kwa makusudi, bisibisi mkononi. Katika mapatano ya kawaida baina ya tajiri mwenye pikipiki na dereva, dereva huleta hesabu ya kila siku, hununua petroli kwa fedha yake, na kisaliacho ndicho riziki yake. Injini ikifa, aghalabu msiba ni wa tajiri. Madhali petroli hulipwa leo na pistoni hulipwa kesho na mtu mwingine, dereva humwomba fundi ambanie mafuta, naye fundi hubana. Kwa uzani, sehemu moja ya petroli huungua kamili kwa sehemu 14.7 za hewa, lakini kabureta ya kiwandani huongeza petroli kidogo resi ifunguliwapo sana, na ziada hiyo si israfu, maana ndiyo inayoupoza mwako. Ukiteremsha sindano ya kabureta kwa kuihamishia klipu yake kwenye mfuo wa juu, au ukitia jeti ndogo kuliko iliyowekwa na mwenye kiwanda, umeiondoa ziada ile mahali hasa ilipohitajiwa, yaani mlimani. Ile skrubu ndogo ya nje, ambayo wengi huizungusha wakidhani inatawala kila jambo, hutawala tu injini inapozunguka polepole bila resi. Simlaumu dereva peke yake. Mapatano ndiyo yaliyomfundisha, na tajiri angefanya hesabu njema zaidi kama angekubali kuchangia petroli.

Hukumu ya kabureta imo katika plagi. Panda mlima kwa resi nzito, zima injini palepale juu bila kuiacha izunguke, ngoja ipoe, kisha fungua plagi uitazame juani. Kauri iliyoizunguka ncha yake ikiwa ya hudhurungi, mchanganyiko ni wa haki; ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi; ikiwa nyeusi yenye utelezi, oili inapita mahali isipotakiwa. Ikiwa nyeupe pepe, ama mafuta yamebanwa, ama plagi yenyewe si ya aina iliyoagizwa, ama hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, hasa kwenye ile shingo ya mpira iunganishayo kabureta na injini, ambayo hupasuka nyufa ndogo kwa uzee. Dondoshea maji kidogo kidogo kuizunguka shingo hiyo injini ikiwa inazunguka polepole. Mlio ukibadilika, ufa umepatikana. Wako wafanyao jaribio hili kwa petroli, nao wanacheza na roho zao. Na kama juu ya kauri pana vitone vidogo vya madini ving'aavyo, pistoni imekwisha kuanza kuyeyuka, wala chombo hicho kisiwashwe tena.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huigongesha injini na kuitia moto hata kabureta ikiwa salama. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili uchakachuaji upate kubainika, lakini petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia haina wa kuidhamini.

Oili nayo ina kazi mbili, kulainisha na kupoza, na injini hizi hubeba yapata lita moja tu, ambayo humo humo huzilowesha na sahani za klachi. Oili ipimwe kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima katika ardhi tambarare, ambayo Mabatini humlazimu mtu kuitafuta. Oili ikinuka petroli, floti ya kabureta imekwama na mafuta yanavuja kuingia ndani, na oili iliyofanywa nyepesi hivyo haiwezi kuilinda pistoni. Oili ya gari la dizeli au ya magari madogo, itiwayo kwa kuwa ni rahisi, huweza kuitelezesha klachi, injini ikalia kwa nguvu, gurudumu likazunguka kwa uvivu, na tofauti yote ikageuka moto. Iliyo halali kwa pikipiki huwa na alama ya JASO MA juu ya chupa yake.

Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote hakihitaji spana. Isimamishe pikipiki juu ya stendi kubwa, itoe gia, ulisukume gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka mara kadhaa na kusimama pole pole, ni huru. Likisimama mara moja, ama breki imebanwa mno, ama cheni imekazwa kupita kiasi, ama beringi zimechoka, na dereva amekuwa akipanda mlima huku akivuta breki asijue. Habu yenye joto kali baada ya safari isiyo na breki nyingi yathibitisha hayo.

Tapeti nazo zisisahauliwe. Fundi huzikaza mno apate kuunyamazisha mlio wake, na mwenye chombo hufurahia ukimya huo, ilhali valvu ya kutolea moshi isiyofunga sawasawa hukosa mahali pa kulitua joto lake, ikaungua ukingo. Zipimwe injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha chombo, na ile ya kutolea huachiwa nafasi kubwa zaidi aghalabu.

Yote haya yakiisha kutazamwa na moto ungali upo, hapo injini na ifunguliwe. Na ikiisha kutiwa ringi mpya itakuwa na joto zaidi kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, mpaka ringi na ukuta wa silinda vizoeane, kwa hiyo katika siku hizo dereva achukue abiria mmoja, akapumzike kileleni, na kazi ya mlimani awaachie wenzake wa kijiweni.