Talaka ya Ridhaa na Talaka Inayopingwa: Istilahi za Sheria ya India

Miongoni mwa hati zinazoletwa kwetu ili tafsiri zake zithibitishwe, hukumu za talaka zilizotolewa na mahakama za India si nyingi, lakini usumbufu wake hauna uwiano na idadi yake. Mwaka jana tuliletewa tafsiri ambayo ilikwisha kukataliwa na ofisi iliyopelekewa. Mwenye hati, mwanamke aliyekusudia kuolewa tena, alitakiwa athibitishe kwamba ndoa yake ya kwanza imekwisha. Mfasiri aliandika kwamba mahakama ilitoa uamuzi wake "baada ya maridhiano ya mume na mke". Karani aliyasoma maneno hayo kama Mswahili yeyote angeyasoma: wawili hao wamepatana, wamerudiana. Harusi ikaahirishwa kwa ajili ya neno moja. Nasi hatuwezi kumlaumu sana mfasiri, maana neno hilo lilikuwamo katika orodha yetu ya muda.

Hapana budi kwanza kufahamu sheria yenyewe. India haina sheria moja ya ndoa kwa raia wote. Wahindu, pamoja na Mabudha, Wajaini na Masingasinga, hufuata Sheria ya Ndoa za Kihindu ya mwaka 1955. Wakristo wana Sheria ya Talaka ya mwaka 1869. Waparsi wana yao ya mwaka 1936. Na waoanao bila kufuata taratibu za dini hutumia Sheria Maalumu ya Ndoa ya mwaka 1954. Waislamu hufuata sheria ya dini yao, pamoja na sheria zilizotungwa na Bunge. Kwa hiyo mfasiri aangalie kwanza hati imetolewa chini ya sheria ipi. Hapa tutashughulika zaidi na ile ya mwaka 1955.

Sheria hiyo hapo awali ilijua talaka ya aina moja tu: mmoja anamshtaki mwenzake, naye mshtakiwa anajitetea. Mlalamikaji alipaswa kuthibitisha sababu iliyotajwa na sheria, kama vile ugoni, au mwenzake kutosikika kuwa yu hai kwa miaka saba. Mwaka 1976 ndipo kilipoongezwa kifungu cha 13B, kinachowaruhusu mume na mke kwenda mahakamani pamoja. Hawatakiwi kutaja kosa la yeyote. Wanatakiwa kueleza kwamba wameishi mbalimbali kwa mwaka mmoja au zaidi, kwamba hawakuweza kukaa pamoja, na kwamba wamekubaliana ndoa yao ivunjwe.

Hapo ndipo "maridhiano" yanapopotosha. Neno hilo, kama "suluhu" na "mapatano", aghalabu huashiria mwisho wa ugomvi na kurejea kwa ujamaa. Hawa wameafikiana juu ya jambo moja tu, nalo ni kuachana. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "talaka ya ridhaa ya pande mbili". Ridhaa ni kukubali, wala haidai kwamba mapenzi yamerudi.

Ridhaa yenyewe ina muda wake. Ombi la kwanza likisha kupokelewa, sheria inataka wawili hao warudi na ombi la pili baada ya miezi sita, na kabla ya miezi kumi na minane kupita. Mahakama Kuu ya Juu ya India iliamua mwaka 1991 kwamba mmoja wao aweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote kabla ya hukumu. Na mwaka 2017 iliamua kwamba ile miezi sita yaweza kusamehewa pale ambapo hakuna tumaini la kurudiana. Kwa mfasiri, maana yake ni kwamba amri iliyotolewa juu ya ombi la kwanza si talaka. Anayeiandika kuwa "hati ya talaka" anamfanya mtu aliye bado katika ndoa aonekane huru.

Kadhalika "kuishi mbalimbali" tusikugeuze kuwa "kutengana". Sheria ya mwaka 1955 ina amri ya mahakama ya kutengana, ambayo haivunji ndoa, na neno hilo tuliachie amri hiyo. Kuishi mbalimbali ni hali tu, wala si lazima kuwe nyumba mbili: mahakama hiyohiyo ilikwisha kueleza kwamba watu waweza kuwa chini ya paa moja na wasiishi kama mume na mke.

Kwa aina ya pili tumesikia "talaka ya ugomvi" na "talaka ya kugombewa". Ya kwanza yafaa barazani kuliko mahakamani. Ya pili yadhaniwa kana kwamba wote wawili wanaing'ang'ania talaka. Tunapendekeza "talaka inayopingwa". Lakini mfasiri asidhani kwamba "isiyopingwa" ni sawa na ya ridhaa. Mlalamikiwa akiitwa asihudhurie, shauri husikilizwa upande mmoja. Hakupinga, lakini wala hakuridhia.

Limebaki neno "talaka" lenyewe. Katika mazoea ya pwani, mume hutoa talaka na mke hupewa. Katika hati hizi hakuna mtoaji ila mahakama. Ni afadhali kuandika "ndoa imevunjwa kwa hukumu ya talaka" kuliko "mume amempa mkewe talaka". Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa hati za Waislamu wa India, kwani talaka tatu za papo hapo zilibatilishwa na mahakama mwaka 2017, na sheria ya mwaka 2019 ikazifanya kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitatu.

Wasomaji wa Tanzania wasiitie pia lugha ya Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 mahali isipokuwapo. Kwetu hakimu hutakiwa aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Sheria ya Kihindu haikuiweka hiyo kuwa sababu ya talaka; ni Mahakama Kuu ya Juu peke yake, kwa mamlaka yake ya kikatiba, iliyosema mwaka 2023 kwamba yaweza kuvunja ndoa kwa msingi huo.

Bado hatujaridhika na jina la ile miezi sita. "Muda wa kungoja" ni finyu, na "muda wa kutafakari" umependekezwa na baadhi ya walimu. Wenye neno lililo bora watuletee kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.